Rehema Iliyoruka Kamina

Ipo kauli iliyokaa vinywani mwa watu kwa zaidi ya nusu karne, ambayo vitabu vya Ulaya, filamu, na hata baadhi ya walimu wetu wenyewe huirudia bila ya kuipima: kwamba alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964, ndege za Kimarekani zilizobeba askari miavuli wa Kibelgiji, baada ya kuondoka usiku katika uwanja wa Base ya Kamina, zilifika Stanleyville, mji ambao leo ni Kisangani, kuwaokoa watu wasio na hatia mikononi mwa wendawazimu, kwamba wendawazimu hao, waliojiita Simba, hawakuwa na hoja wala haja isipokuwa uchawi na kiu ya damu, na kwamba, maadam Kongo ilikuwa imekwisha kupata uhuru wake miaka minne kabla, kuyahesabu maasi yao katika vita vya kupinga ukoloni ni kuwavunjia heshima wale waliopigana na ukoloni kweli.

Sitaukana ukweli ulio ndani ya kauli hiyo. Mateka walikuwapo, hatari ilikuwapo, na watu waliokolewa. Ninalolipinga ni jengo lililosimamishwa juu ya ukweli huo, yaani dai kwamba palikuwa na matendo mawili mbalimbali, moja la rehema, lililofanywa na Wabelgiji na Wamarekani kwa ajili ya wanadamu, na jingine la vita, lililofanywa na serikali ya Kongo kwa mambo yake yenyewe, na kwamba la kwanza halikujua habari za la pili. Hoja yangu ni kwamba tendo lilikuwa moja: liliandaliwa na wakuu wale wale, likapangwa katika uwanja ule ule, likatimia asubuhi ile ile, na kusudi lake lilikuwa kuurudisha mkono wa mtawala wa zamani juu ya nchi iliyokuwa imeanza kumponyoka. Shahidi wangu mkubwa ni Base yenyewe, ambayo sisi wa Kamina huipita kila siku kwa mazoea, tusikumbuke kwamba ina la kusema.

Wabelgiji waliijenga Base baada ya Vita Kuu ya Pili, katika miaka ambayo mataifa ya Magharibi yaliishi kwa hofu ya vita vya tatu, yakatafuta mahali pa ndani, mbali na pwani na mbali zaidi na Ulaya, pa kuweka ndege, askari na shule za kijeshi. Wakaichagua nyika hii tambarare iliyo karibu na njia panda ya reli, ambako njia ya kusini huja kutoka machimbo ya shaba na njia nyingine, iliyokamilika mwaka 1956, huelekea Kabalo na ziwa Tanganyika. Nchi hiyo haikuwa tupu, wala haikuwa imewapokea wageni kwa mikono miwili. Ilikuwa nchi ya Waluba, ambao mtemi wao Kasongo Nyembo aliungana na askari walioasi jeshi la mfalme Leopold huko Luluabourg mwaka 1895, akasumbuana na watawala kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1917 alipokamatwa na kupelekwa uhamishoni Buta. Yeyote asemaye kwamba watu wa huku hawakujua maana ya kukataa kutawaliwa mpaka walipofunzwa na wageni, na aanze kwa kumjibu marehemu huyo.

Twende sasa kwenye hoja ya kwanza ya wapinzani wangu, kwamba mwaka 1964 hapakuwa na ukoloni wa kuasiwa. Tarehe 29 Juni 1960, siku moja kabla ya bendera kubadilishwa, ulitiwa saini mkataba wa urafiki baina ya Ubelgiji na Kongo, uliowaachia Wabelgiji askari wao katika Base mbili, ya Kamina huku Katanga na ya Kitona karibu na mlango wa mto Kongo, kwa sharti kwamba askari hao wasitoke kuingilia jambo lolote ila kwa ombi la wazi la waziri wa ulinzi wa Kongo. Waziri huyo alikuwa Patrice Lumumba, aliyekuwa waziri mkuu pia. Mkataba haukupata kuidhinishwa. Na hata kama ungeidhinishwa, sharti lake lilivunjwa kabla ya wino kukauka: tarehe 5 Julai askari wa Force Publique, jeshi lililoachwa na ukoloni, waliasi, baada ya kamanda wao wa Kibelgiji, Jenerali Janssens, kuwaandikia ubaoni kwamba hali ya baada ya uhuru ni sawasawa na hali ya kabla ya uhuru, na tarehe 10 Julai askari wa Kibelgiji walitoka Kamina wakaingia Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ilhali Lumumba hakuwaomba wala hakuwaruhusu. Kesho yake, tarehe 11, chini ya kivuli cha bunduki zao, Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo.

Uhuru uliokatwa mguu kabla ya kutimiza wiki mbili, na mguu huo ukiwa ndio wenye shaba, kobalti na sehemu kubwa ya mapato ya nchi, ni uhuru wa namna gani? Wapinzani wangu hutaja tarehe 30 Juni 1960 kama kwamba tarehe ni hoja. Lakini ukoloni haukupata kuwa bendera peke yake. Ulikuwa ni mamlaka ya mtu wa mbali kuamua nani atawale hapa, mali ya hapa iende wapi, na askari gani ampige nani. Kwa mizani hiyo, bendera ilikuwa imeshuka na mambo matatu yamebaki.

Wa kwanza kulitambua hilo kwa gharama ya damu yao hawakuwa Simba. Walikuwa Waluba wa kaskazini ya Katanga, wafuasi wa chama cha Balubakat cha Jason Sendwe, waliokataa kuwa raia wa dola ya Tshombe. Jandarmeri ya Katanga, ikiongozwa na maofisa wa Kibelgiji na kusaidiwa na mamluki, iliwajibu kwa moto: vijiji vilichomwa, watu wakaingia porini, na makumi ya maelfu ya Waluba waliokuwa wakiishi Elisabethville wakakimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa, wakaishi humo kwa msongamano na maradhi. Vijana wa Balubakat nao hawakuwa malaika, na mabaya yao yameandikwa. Walakini, ikiwa kuasi utawala uliosimamishwa na jeshi la Ubelgiji, likitokea Base ya Ubelgiji, si kuasi ukoloni, basi lugha imetushinda.

Miaka iliyofuata ilizidi kuthibitisha. Lumumba aliuawa katika ardhi ya Katanga tarehe 17 Januari 1961, mbele ya maofisa wa Kibelgiji. Tarehe 29 Septemba 1963 Rais Kasavubu alilifunga bunge lililochaguliwa na wananchi, na wabunge wa upande wa Lumumba, wasipokuwa na mahali pa kusema, wakavuka mto hadi Brazzaville na kuunda Baraza la Taifa la Ukombozi. Mikoani, walimu walikaa miezi bila ya mishahara, bei zilipanda, na wanajeshi waliokuwa na njaa ya fedha waliwanyang'anya wakulima njiani. Kisha, Julai 1964, likaja jambo ambalo mtu wa kawaida hakuhitaji kusoma gazeti ili alielewe: Tshombe, yule yule aliyeikata nchi vipande, alirudishwa kutoka Hispania akafanywa waziri mkuu wa nchi nzima.

Moto ulikuwa umekwisha kuwaka. Pierre Mulele, aliyekuwa waziri wa elimu wa Lumumba, aliuanzisha Kwilu Januari 1964; Gaston Soumialot akauwasha mashariki, Uvira ikaanguka Mei, Albertville Juni, Kindu Julai, na Stanleyville, mji wa Lumumba, tarehe 5 Agosti. Jeshi la serikali, lenye bunduki na magari, lilikimbia mbele ya watu ambao wengi wao walikuwa na mikuki na mapanga. Hao waliokimbiwa hawakushuka kutoka mwezini. Walikuwa vijana waliotolewa shule kwa kukosa karo, makarani waliofukuzwa, wakulima na wavuvi, na madai yao, yaliyokusanywa na kuhifadhiwa na Benoît Verhaegen, mtaalamu wa Kibelgiji, katika majalada yake mawili ya mwaka 1966 na 1969, yalirudi kila mara kwenye jambo moja: kwamba uhuru wa kwanza umeibwa na wachache, na kwamba sasa ni zamu ya uhuru wa pili.

Hoja ya pili ya wapinzani wangu ni uchawi, na hii ndiyo wanayoipenda zaidi, kwa kuwa huwaepusha na kazi ya kufikiri. Ni kweli kwamba Simba walipewa dawa. Kijana aliletwa mbele ya mganga, akachanjwa, akanyunyiziwa maji, akapewa miiko yake: asimguse mwanamke, asipeane mkono na asiyekula kiapo, asigeuke nyuma vitani, akifuata yote, risasi itakuwa maji, akikiuka moja, atakufa, na kifo chake kitakuwa ithibati ya kosa lake. Wakaingia vitani wakipaza sauti, Mai Mulele, na askari wa serikali, ambao wengi wao waliiamini dawa hiyo kwa yakini ile ile, wakatupa silaha.

Lakini msomaji wa Tanzania anayewacheka Simba kwa maji yao anafahamu vizuri kwamba mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji yale yale. Wajerumani walimnyonga Mohoro mwezi Agosti wa mwaka huo. Tarehe 27 Februari 1906 waliwanyonga viongozi 67 wa Wangoni huko Songea. Wakachoma mashamba na maghala mpaka njaa ikafanya kazi ambayo risasi haikuimaliza, na idadi ya waliokufa katika Maji Maji hukadiriwa na wengine kufika 300,000. Leo Songea kuna makumbusho, watoto wa shule hupelekwa kuwaheshimu mashujaa, wala hakuna mwalimu mwenye akili anayewaambia kwamba babu zao walipigana kwa ajili ya maji. Huwaambia kwamba walipigana kwa sababu ya kodi, pamba na kiboko, na kwamba maji yaliwaunganisha watu wa makabila mbalimbali wasiokuwa na jeshi wala silaha za kisasa. Kwa insafu gani, basi, maji ya Matumbi yawe ni umoja wa taifa, na maji ya Maniema yawe ni wazimu?

Hapa mpinzani mwangalifu atanijibu kwamba tofauti ni katika ukatili, na jibu lake linastahili kusikilizwa kwa staha. Simba waliua, na waliowaua kwa wingi ni Wakongo wenzao. Kindu na Stanleyville, mbele ya sanamu na picha za Lumumba, makarani, walimu, wanasiasa na watu wowote walioshukiwa kuipenda serikali ya Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, walichinjwa hadharani, na wakati mwingine kosa la mtu lilikuwa ni kujua kusoma na kuvaa shati safi. Sista Anuarite Nengapeta, msichana wa kabila la Wabudu, aliuawa na ofisa wa Simba usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964 huko Isiro kwa kukataa kuvunjiwa nadhiri yake. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri mwaka 1985. Sina neno la kuyapunguza mambo hayo, na sitaki kuwa nalo. Mwenye kuwatetea Simba kwa kuyaficha anawadhulumu waliokufa, tena anaiharibu kesi yake mwenyewe.

Walakini taksiri ya mpiganaji haifuti dhulma iliyomtoa nyumbani. Mau Mau nao waliwaua Wakikuyu wenzao, wanawake na watoto, na Lari, yalikotokea mauaji hayo, imebaki jina zito mpaka leo. Hata hivyo Serikali ya Uingereza, ambayo iliwanyonga watu wapatao 1,090 katika vita hivyo, ilikiri mwaka 2013 kwamba watu waliteswa katika kambi zake, ikawalipa fidia Wakenya 5,228. Hakuna aliyedai kwamba ukatili wa Mau Mau uliwapa Waingereza haki ya ardhi. Kwa nini basi ukatili wa Simba uwape Wabelgiji haki ya Kongo?

Hoja ya tatu, kwamba maasi yalikuwa mkono wa ukomunisti, haihitaji maneno mengi. Ernesto Che Guevara, aliyejiita Tatu, alivuka ziwa kutoka Kigoma Aprili 1965, miezi mitano baada ya Stanleyville kutwaliwa kutoka kwa Simba, akakaa milima ya Fizi mpaka Novemba, akaondoka na daftari la masikitiko, si la ushindi wowote. Silaha nyingi za marafiki wa nje nazo zilifika baada ya pigo kubwa kuwa limekwisha kupigwa. Lakini tukitafuta wageni katika vita vile, wako tele upande wa pili. Rubani aliyewapiga Simba mabomu alikuwa Mkyuba aliyeikimbia nchi yake na kulipwa na shirika la ujasusi la Marekani. Kamanda wa mamluki, Mike Hoare, alitoka Afrika ya Kusini ya makaburu, na vijana wake wengi walitoka huko na Rhodesia. Mmoja wa maofisa wake, Siegfried Müller, aliyekuwa askari wa Hitler, alivaa kifuani nishani yake ya Msalaba wa Chuma katika nchi ya watu weusi, akapigwa picha nayo akicheka. Na watu hao, walipofika Kongo Agosti 1964, walipelekwa wapi kufunzwa? Walipelekwa Base ya Kamina.

Sasa tumefika kwenye hoja ya nne, ambayo ndiyo nguzo ya kauli yote, nayo ni rehema. Nawaomba wasomaji wafuate mpangilio wa tarehe, kwa kuwa ndani yake mna jibu. Baada ya mamluki kukusanywa Kamina, serikali ya Ubelgiji ilimtuma Kanali Frédéric Vandewalle, aliyekuwa mkuu wa usalama katika Kongo ya kikoloni na baadaye mshauri wa Tshombe katika Katanga, aje kuunda kikosi cha kuuteka mji wa Stanleyville. Kikosi hicho kilikuwa na maofisa wa Kibelgiji, mamluki wa Hoare, na askari wa zamani wa jandarmeri ya Katanga walioitwa kutoka Angola, yaani wale wale waliowachoma Waluba. Kiliondoka Kongolo tarehe 1 Novemba 1964 na kuiteka Kindu kabla ya wiki kwisha, na kila kilipopita kiliacha nyuma yake vijiji vilivyoteketea. Ndege zilikitangulia.

Kabla ya hapo, wageni waliokuwako Stanleyville walikuwa wameishi chini ya Simba tangu mapema Agosti. Walizuiliwa, walitishwa, baadhi walipigwa, na maofisa wa ubalozi mdogo wa Marekani walifungwa. Lakini maisha yao yakawa bidhaa ya kupatana bei kadiri ndege zilivyozidi kupiga na msafara ulivyozidi kukaribia. Kuchukua mateka ni dhambi ya Christophe Gbenye, kiongozi wa serikali ya Simba, na wenzake, nao hawana udhuru. Lakini tusijifanye kutojua kwamba walioanzisha msafara walielewa kwamba kila maili wanayoipita inawasogeza mateka kwenye mauti, wakaendelea kuzipita, kisha wakaitaja hatari hiyo hiyo kuwa sababu ya kuleta jeshi la pili.

Jeshi hilo la pili lilikuwa la askari miavuli wa Kibelgiji chini ya Kanali Charles Laurent. Liliondoka Kleine Brogel tarehe 17 Novemba kwa ndege za Marekani, kwa makubaliano ya Rais Johnson na Paul-Henri Spaak, waziri wa mambo ya nchi za nje wa Ubelgiji. Likapitia Hispania, likangoja katika kisiwa cha Ascension kwa ruhusa ya Uingereza, na tarehe 22 likatua Kamina. Kesho yake, tarehe 23, Nairobi, mbele ya Jomo Kenyatta, balozi wa Marekani William Attwood alikaa meza moja na Thomas Kanza, mjumbe wa Stanleyville, kuzungumzia usalama wa mateka na kusimamisha vita. Kenyatta hakuwa mpatanishi wa kujitokeza tu. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umemweka mwezi Septemba awe mwenyekiti wa kamati ya kuisuluhisha Kongo. Mtu ambaye gavana wa Kiingereza alimwita kiongozi wa giza na mauti ndiye aliyekuwa akitafuta njia ya amani, ilhali wale waliojiita taa ya ulimwengu walikuwa wamekwisha kupanga ndege zao katika uwanja wa Kamina na kungoja giza. Mazungumzo hayakufikia maafikiano. Na hata yangefikia, nani angekuwa na muda wa kuyatekeleza, ikiwa saa chache baadaye, kabla ya mapambazuko, ndege zilipaa kwenda mwendo wa zaidi ya maili 600 kaskazini? Nyerere alilifananisha tendo hilo na lile la Wajapani huko Pearl Harbor, ambao nao walizungumza wakiwa wamekwisha kuinua upanga.

Askari walitua alfajiri. Simba waliwatoa mateka hotelini, wakawaketisha barabarani, wakawafyatulia risasi, wakafa zaidi ya 20, akiwamo daktari Paul Carlson, mmisionari wa Kimarekani. Wengine zaidi ya 1,600 walitoka salama. Na asubuhi ile ile, si wiki ile ile wala siku iliyofuata, msafara wa Vandewalle uliingia mjini kwa barabara. Ikiwa rehema na vita havikujuana, ni ajabu ya aina gani iliyovifanya vikutane mlangoni ndani ya saa chache tu? Tarehe 26 askari miavuli walitua Paulis, ndiyo Isiro ya leo, wakachukua wageni wengine, na kabla ya mwezi kwisha walikuwa wamekwisha kuondoka nchini. Mji wakawaachia mamluki na jandarmeri.

Na hapo ndipo rehema ilipokwisha, na hapo ndipo vitabu vingi hufunga ukurasa. Mitaa ya Waafrika ilisakwa nyumba kwa nyumba. Kijana aliyekutwa na chale mwilini alipigwa risasi, na asiyekuwa na chale aliweza kupigwa risasi kwa kutazamwa vibaya. Benki na maduka viliporwa, na Hoare mwenyewe hakuficha uporaji wa watu wake alipoandika kitabu. Wageni waliokuwa mbali na uwanja wa ndege, Banalia, Wamba, Bafwasende, waliuawa na Simba kwa kulipiza kisasi, na hao nao ni sehemu ya bei ya Dragon Rouge, kama shambulio lile la Stanleyville lilivyoitwa, ingawa hawawekwi katika hesabu yake. Wazungu waliokufa tunawajua kwa majina, kwa umri, kwa shirika la kimisionari. Wakongo waliouawa na wakombozi, katika miezi ile na mwaka uliofuata, ni maelfu kwa maelfu, na hawajaandikiwa daftari na mtu yeyote. Rehema inayohesabu maiti za upande mmoja tu ni upendeleo uliovaa kanzu ya rehema.

Nitaulizwa: basi ungetaka mateka waachwe wafe? La. Ningetaka msafara usimame, kama kamati ya Kenyatta ilivyotaka. Ningetaka mamluki watolewe, kama Baraza la Usalama lilivyotaka katika azimio lake namba 199 la tarehe 30 Desemba 1964. Mamluki hawakutolewa. Kwa hiyo swali la mateka, ambalo huulizwa kana kwamba linafunga mjadala, lilikuwa na jibu ambalo wenye nguvu hawakulitaka, kwa kuwa jibu hilo lingewaokoa watu bila ya kuwarudishia mji.

Na mji ulirudishwa kwa nani? Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 24 Novemba 1965, Jenerali Mobutu aliwapindua Kasavubu na wanasiasa wote, akaishika nchi kwa zaidi ya miaka 31. Mulele, aliyeahidiwa msamaha, alirudi Kinshasa mwaka 1968, akauawa kwa mateso mwezi Oktoba. Na mwezi Mei 1978, Kolwezi ilipotekwa na waasi waliotoka Angola, askari miavuli wa Kibelgiji walitua tena wapi kabla ya kwenda huko? Kamina. Mara tatu katika miaka 18, mwaka 1960, mwaka 1964 na mwaka 1978, uwanja huu ulipokea jeshi la mtawala wa zamani lililokuja kwa jina la kuokoa maisha, na mara zote tatu, baada ya maisha kuokolewa au kutookolewa, mamlaka yalibaki kwa yule aliyependwa na Brussels.

Ubelgiji imeanza kukiri, nami siidharau hatua hiyo. Tume ya bunge lake ilitoa taarifa mwaka 2001 juu ya kifo cha Lumumba, serikali yake ikaomba radhi mwaka 2002, na mwaka 2022 jino la Lumumba likakabidhiwa kwa watoto wake. Lakini hiyo ni kadhia ya mtu mmoja. Kwa watu wa Maniema, wa Kisangani, wa kaskazini ya Katanga, waliouawa na vikosi vilivyofunzwa na kuongozwa na maofisa wa Kibelgiji, hapajaundwa tume yoyote, kwa kuwa kauli niliyoanza nayo imekwisha kutoa hukumu kwa niaba yao: walikuwa wendawazimu, na wendawazimu hawadai.

Nasi tunayo dhima yetu. Base hii bado ni ya jeshi, na vijana wa Kongo bado huletwa hapa kufunzwa kubeba bunduki. Itakuwa aibu wakijifunza kuruka kwa mwavuli bila ya kujifunza nani aliruka hapa kabla yao na kwenda kumwua nani. Wafundishwe ukatili wa Simba bila ya kificho, na wafundishwe pia mkataba wa tarehe 29 Juni 1960, msafara wa Kongolo na meza ya Nairobi. Mwenye kuyajua hayo yote kwa pamoja anaweza bado kuwalaumu Simba, tena kwa haki; hawezi kusema kwamba hawakuwa na cha kuasi.